Kuchanganyika kwa Washiriki: Somo Lisilo Kwenye Ratiba ya Mafunzo Kazini

Mlango wa ukumbi wa mafunzo unapofunguliwa asubuhi ya siku ya kwanza, hospitali nzima hujichora yenyewe juu ya viti. Madaktari huelekea mbele, karibu na soketi za umeme. Wauguzi wa wodi ya wazazi hujipanga katika safu ya tatu, mkoba wa mmoja ukimshikia nafasi mwenzake ambaye bado yuko njiani. Watu wa maabara huketi pamoja karibu na dirisha. Mfamasia aliyekuja peke yake huchagua kiti cha pembeni na kutoa simu. Wahudumu wa afya, kama wamealikwa, hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyewapangia. Saa nne chai inapofika, mpangilio ule ule huhamia kwenye meza ya chapati na maandazi. Saa saba huhamia kwenye wali. Siku ya tatu vyeti hutolewa, picha ya pamoja hupigwa, na kila kundi hurudi kazini likiwa limezungumza na watu wale wale ambao lilizungumza nao kabla ya kuja.

Kwa mwandaaji, mafunzo hayo yamefaulu. Mada zote zimefundishwa, jaribio la mwisho limeonyesha alama zilizopanda kuliko jaribio la mwanzo, na taarifa imeandikwa. Kilichopotea hakionekani kwenye taarifa. Watu wanaotegemeana kazini walikaa chumba kimoja kwa siku tatu bila kujuana, na fursa hiyo huenda isirudi mwaka mzima. Makala haya yanaeleza kwa nini kuchanganyika kwa washiriki ni sehemu ya somo lenyewe, kwa nini hakutokei kwa hiari ya watu peke yake, na mwezeshaji anaweza kufanya nini ili kutokee.

Kazi isiyofanywa na mtu mmoja

Chukua mfano wa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, hali inayoongoza duniani kwa kusababisha vifo vya uzazi. Ni saa nane usiku, na mkunga anaona damu imezidi. Kuanzia dakika hiyo mambo kadhaa yanapaswa kufanyika karibu kwa wakati mmoja: mji wa mimba usuguliwe ili ukaze, dawa ya kuukaza itolewe, dawa ya kusaidia damu kuganda iingizwe mshipani, dripu ifunguliwe, njia ya uzazi ichunguzwe kama imechanika au kama kondo limebaki, na mtu mwenye uwezo zaidi aitwe. Wakati huo huo sampuli inatakiwa ifike maabara, chupa za damu zitoke, chumba cha upasuaji kiandaliwe, na pengine dereva wa gari la wagonjwa aamshwe. Mkunga mwenye mikono miwili hawezi kuyafanya yote hayo, hata awe hodari namna gani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, ulionyesha uzito wa jambo hili. Baadhi ya hospitali zilitumia shuka maalumu ya plastiki yenye mfuko wa kupimia damu, na damu ilipofikia kiwango cha hatari hatua zote za tiba zilianza kwa mkupuo. Katika hospitali hizo, asilimia 1.6 ya wanawake waliojifungua kwa njia ya kawaida walipoteza damu nyingi mno, au walipasuliwa tumbo kwa sababu ya damu hiyo, au walifariki kwa sababu hiyo. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wake wa kawaida, waliofikwa na hali hizo walikuwa asilimia 4.3. Dawa zilizotumika si ngeni kwa mtumishi yeyote wa wodi ya wazazi. Ugumu uko katika kuigundua hatari mapema na kuwafanya watu kadhaa waanze pamoja, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini.

Ujuzi wa namna hiyo haukai kichwani mwa mtu mmoja. Mkunga anaweza kujua kipimo cha dawa kwa moyo na daktari akajua kila hatua ya upasuaji. Lakini mkunga akiogopa kumwamsha daktari kwa mara ya pili, au mtu wa maabara akiona simu ya wodini kuwa ni usumbufu wa watu wasio na subira, elimu ya kila mmoja inabaki imefungiwa alipo.

Walioona wakanyamaza

Fani ya urubani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Januari 1989, ndege aina ya Boeing 737 iliyokuwa ikitoka London kwenda Belfast ilipata hitilafu katika injini ya kushoto. Marubani, kwa makosa, walizima injini ya kulia iliyokuwa nzima. Rubani mkuu aliwatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na tatizo na kwamba imezimwa. Baadhi ya abiria na wahudumu waliokuwa nyuma walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Tangazo liliwashangaza baadhi ya abiria, lakini hakuna aliyekwenda mbele kuuliza. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, ikijaribu kutua kwa dharura. Kati ya watu 126 waliokuwamo, 47 walifariki.

Wahudumu hao hawakuwa wazembe. Ni rahisi kuamini kwamba wenye kujua zaidi wako upande wa pili wa mlango wa marubani. Wachunguzi wa ajali walipotoa mapendekezo, mojawapo lilikuwa kwamba marubani na wahudumu wa abiria wafanye mazoezi ya dharura kwa pamoja, ili waweze kuratibu kazi zao siku ya hatari. Katika mashirika mengi ya ndege, mafunzo ya pamoja ya kada hizo mbili leo ni jambo la kawaida.

Mlango kama huo upo hospitalini pia, ingawa hauna kitasa. Daktari wa miaka 28 humwamkia shikamoo muuguzi wa miaka 55 kwenye korido. Dakika tano baadaye, mbele ya kitanda, muuguzi huyo huyo husita kumwambia kwamba kipimo cha dawa alichoandika kimezidi. Heshima ya umri huelekea upande mmoja na heshima ya cheo huelekea upande wa pili, na kati yake onyo hukwama kooni. Mtu hulitoa onyo hilo kwa urahisi zaidi kwa yule aliyewahi kufanya naye kazi ya kujifunza, akamwona akikosea na kurekebishwa mbele ya watu bila kukasirika.

Ndege wa mbawa moja

Kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini watu hawachanganyiki wenyewe? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Paul Ingram na Michael Morris, walilitazama swali hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Waliwaalika watu wa biashara wapatao mia moja kwenye hafla ya jioni, wakawavika vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyonasa nani alikutana na nani. Kabla ya hafla, wengi wa wageni walisema walitaka kukutana na watu wapya. Vifaa vilieleza habari nyingine: watu walielekea zaidi kwa wale waliokuwa wakiwajua tayari. Nia ilikuwapo, lakini miguu ilifuata mazoea.

Katika kumbi za mafunzo za hapa nyumbani, mazoea hayo hupata waungaji mkono wengi. Utambulisho huanza kwa vyeo, na mwenye cheo kidogo hujitambulisha mwisho kwa sauti ya chini. Meza kuu hutengwa mbele, na pengine chumba cha chai cha viongozi hutengwa pia. Posho hutofautiana kwa daraja, na kila mtu anajua. Mara nyingi slaidi huandikwa kwa Kiingereza, na mjadala hufuata lugha ya slaidi, ingawa wodini kazi yote hufanyika kwa Kiswahili. Mhudumu wa afya mwenye uzoefu wa miaka 20, anayejua ni kitanda kipi hukosa hewa na ni zamu ipi hukosa watu, hukaa kimya siku nzima kwa kuogopa kukosea sarufi ya lugha ambayo hataihitaji usiku wa dharura. Mafunzo yanayohusu namna watu watakavyosemezana wodini hayana budi kuendeshwa kwa lugha inayosemwa wodini.

Kwa sababu hizo, tangazo la mwezeshaji kwamba “tujisikie huru, tuchanganyike” hupokewa kwa tabasamu na kusahaulika kabla ya chai. Watu wazima hawachanganywi kwa kuhimizwa. Huchanganyika pale mpangilio wa kazi unapowataka wafanye hivyo. Taifa la Tanzania linalijua hili kwa historia yake: vijana wa mikoa mbalimbali waliopelekwa shule za bweni za mbali na makwao, au waliokutana katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, walizoeana kwa sababu walilala bweni moja, walilima shamba moja na kula sufuria moja.

Masharti manne

Kukaa karibu peke yake hakutoshi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba watu wa makundi tofauti wanapokutanishwa, dhana mbaya walizo nazo juu ya wenzao hupungua zaidi iwapo masharti manne yametimizwa: wawe na hadhi sawa katika mkutano huo, wawe na lengo moja, walifikie lengo hilo kwa kushirikiana badala ya kushindana, na wenye mamlaka wauunge mkono ushirikiano huo. Mwaka 2006, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipitia tafiti 515 kuhusu jambo hilo, na kwa jumla zilionyesha kwamba kukutana hupunguza chuki na dhana potofu. Pale masharti ya Allport yalipozingatiwa, matokeo yalikuwa bora zaidi.

Masharti hayo ni kipimo kizuri cha kuikagua semina yoyote. Je, daktari na mhudumu wana hadhi sawa ndani ya ukumbi, au mmoja anaulizwa maswali na mwingine anatumwa kuleta chaki? Je, kikundi kina kazi moja ya kumaliza, au kila mmoja anaandika majibu yake? Je, vikundi vinashindanishwa kwa namna inayowafanya wenye kujua zaidi wawasukume pembeni wenzao ili washinde? Na je, mganga mfawidhi na matroni wapo, au walifungua mafunzo na kuondoka na mgeni rasmi? Kiongozi anayeketi siku nzima katika kikundi namba tatu, akishika kalamu ya kuandikia kwenye bango kitita kwa maelekezo ya muuguzi mwanafunzi, amefundisha somo ambalo hakuna slaidi inayoweza kulifundisha.

Ushahidi kutoka hospitalini

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilieleza kwamba elimu ya pamoja ya kada mbalimbali hutokea pale watu wa fani mbili au zaidi wanapojifunza habari za wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Maneno hayo matatu yana uzito. Kukaa ukumbi mmoja na kumsikiliza mhadhiri mmoja kunaweza kutimiza sharti la kujifunza pamoja, huku mengine mawili yakibaki bila kuguswa.

Katika Hospitali ya Southmead, mjini Bristol, Uingereza, mafunzo ya dharura za uzazi yalianzishwa mwaka 2000 kwa kuwaweka wakunga, madaktari wa uzazi na wataalamu wa usingizi katika zoezi moja, ndani ya hospitali yao wenyewe. Watoto waliozaliwa wakiwa wameathirika ubongo kwa kukosa hewa walipungua kutoka 27.3 hadi 13.6 kwa kila vizazi 10,000. Mafunzo ya mfumo huo yalifika baadaye Hospitali Kuu ya Mpilo, Bulawayo, nchini Zimbabwe. Mwaka 2011 hospitali hiyo ilikuwa na vifo vya uzazi 67 katika vizazi 9,078. Mwaka 2014 vilikuwa 48 katika vizazi 9,884.

Tanzania nayo ina sehemu katika historia hii. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2007 na 2008, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na New Delhi. Miongoni mwa vipengele vya orodha hiyo, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote 8 kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Si haki kudai kwamba mafanikio hayo yaliletwa na kujuana peke yake. Hospitali hizo zilibadilisha pia taratibu, vifaa na namna ya kufuatilia kazi. Hata hivyo, katika kila mojawapo watu wa kada tofauti walitakiwa kuzungumza wao kwa wao kabla ya hatari kufika, na jambo hilo halikuachiwa bahati.

Mwezeshaji afanye nini

Kazi huanza kwenye barua ya mwaliko. Mwandaaji anapaswa kwanza kuamua ni mchanganyiko upi anaoutaka. Kama lengo ni dharura za wodini, waalikwe watu wanaofanya zamu pamoja: mkunga, daktari, mtu wa maabara, mtaalamu wa usingizi, mhudumu. Kama lengo ni rufaa, wachanganywe mkunga wa zahanati na daktari wa hospitali ya wilaya anayempokelea wagonjwa, ili simu itakayopigwa usiku iwe ya mtu mwenye sura. Mwaliko unaosema “leteni washiriki wawili” bila kutaja kada hujaza ukumbi kwa watu ambao hawatakutana tena.

Vikundi vipangwe na mwezeshaji, visiachwe vijipange. Njia iliyozoeleka ni kuhesabu moja hadi tano kwa kufuata viti. Kwa kuwa waliokaa jirani ndio marafiki, hesabu hiyo huwatenganisha kwa haraka na bila kumwaibisha mtu. Ina kasoro moja: kikundi kimoja kinaweza kupata madaktari watatu na kingine kikakosa hata mmoja. Dawa yake ni kila kada kuhesabu peke yake, madaktari kwanza, kisha wauguzi, kisha maabara, hadi kila kikundi kiwe na mtu wa kila upande. Watu watano au sita katika kikundi wanatosha. Wakizidi hapo, wawili watatu husema na wengine hutazama.

Utambulisho ufanyike wawili wawili. Kila mmoja amuulize mwenzake wa kada nyingine jina analopenda kuitwa, kazi yake inaanzaje asubuhi, na jambo moja ambalo kada nyingine hawalijui kuhusu kazi hiyo. Kisha kila mmoja amtambulishe mwenzake. Mhudumu aliyetambulishwa na daktari bingwa kwa jina lake, pamoja na maelezo ya kazi yake, hukaa kitini kwa namna tofauti saa zote zinazofuata.

Kazi ya kikundi iwe ile isiyoweza kumalizwa na mmoja. Mwaka 1971, katika shule za Austin, jimbo la Texas, ambako wanafunzi weupe na weusi walikuwa wameanza kusoma pamoja kwa mvutano mkubwa, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walibuni njia ya kugawa somo vipande. Kila mwanafunzi alipewa kipande kimoja akifundishe kikundi, na hakuna aliyeweza kulijua somo lote bila kumsikiliza kila mwenzake. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kisa cha mama anayetoka damu. Mkunga apewe karatasi yenye kiasi cha damu na mapigo ya moyo. Mtu wa maabara apewe kundi la damu na idadi ya chupa zilizobaki. Mfamasia apewe orodha ya dawa zilizopo stoo. Dereva au mhudumu apewe hali ya barabara na mafuta ya gari. Kikundi kipewe dakika kumi za kuamua. Baada ya zoezi hilo hakuna haja ya kuhubiri kwamba kila mtu ni muhimu.

Majukumu yabadilishwe. Daktari alale kitandani awe mgonjwa, muuguzi aongoze, mfamasia aandike muda wa kila hatua. Anayelala kitandani husikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia: amri tatu zinazotolewa kwa wakati mmoja bila kutajwa jina la anayeamriwa, na kila mtu akidhani ametajwa mwenzake. Hapo ndipo washiriki wazoee kumwita mtu kwa jina, na aliyeagizwa kurudia agizo kwa sauti. Wazoee pia sentensi ya kuonya, waitamke hasa badala ya kuisoma: “Dokta, nina wasiwasi na kipimo hiki, naomba tukiangalie tena.” Sentensi iliyokwisha kupita mdomoni mara tano mchana hutoka kwa urahisi zaidi usiku.

Mwisho wa zoezi, wakati wa kutathmini, aanze kusema mwenye cheo kidogo na amalize mwenye cheo kikubwa. Mkubwa akianza, wengine hubaki na kazi moja tu ya kumuunga mkono.

Kuchanganya bila kudhalilisha

Kuna namna ya kuchanganya inayowafanya watu wajifunge zaidi. Vichangamsho vinavyowalazimisha wanaume na wanawake kushikana, kucheza ngoma mbele ya wakwe au wakubwa zao, au kusimulia siri za maisha yao, huacha uchungu unaodumu kuliko somo. Mjamzito, mtu mwenye maumivu ya mgongo, aliyefunga na aliyetoka msibani wiki iliyopita wote wamo ukumbini, na mwezeshaji hawezi kuwajua kwa kuwatazama. Makofi ya kilo yanatosha kuamsha usingizi wa saa nane mchana. Kwa kujuana, kazi ya maana ni bora kuliko mchezo.

Mapumziko ya chai nayo yasigeuzwe zoezi. Mtu aliyefanya kazi na wageni kwa saa mbili ana haki ya kunywa chai na shoga yake au swahiba wake. Vikundi visibadilishwe kila saa pia: watu wanahitaji nusu siku au zaidi ili waanze kupingana kwa amani, na kupingana huko ndiko kunakotafutwa. Kwa mafunzo ya siku tatu, kubadilisha vikundi mara moja au mbili kunatosha.

Heshima ya umri na cheo haipaswi kubezwa. Hakuna anayetakiwa kuacha shikamoo mlangoni. Kinachotakiwa ni wote wakubaliane tangu mwanzo kwamba kumkumbusha mkubwa jambo linalohusu uhai wa mgonjwa ni sehemu ya kumheshimu, na mkubwa mwenyewe awe wa kwanza kulisema hilo kwa kinywa chake.

Baada ya vyeti

Hata mafunzo mazuri hufifia. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walifundishwa mwaka 2010 kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mafunzo hayo hufanyika kwa watu wawili wawili juu ya mwanasesere, wakipokezana zamu ya kutenda na ya kutazama. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, ujuzi wao ulikuwa umepanda, lakini huduma waliyoitoa kwa watoto halisi haikuwa imebadilika. Hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Funzo hilo linahusu kuchanganyika pia. Ujirani wa siku tatu ukiachwa ukumbini hufa na ratiba yake. Waliokaa kikundi kimoja wapewe kazi ndogo ya kuendeleza: zoezi la dakika kumi mara moja kwa wiki wakati wa kupokezana zamu, mhudumu na mtu wa maabara wakiwamo. Kundi la simu linaloundwa siku ya kufunga mafunzo libaki na shughuli mahususi, kama kuulizana kuhusu rufaa, ili lisigeuke uwanja wa salamu na matangazo. Naye anayehamishiwa wodi mpya akutanishwe na watu wa kada nyingine katika wiki yake ya kwanza, asisubiri semina ya mwakani.

Gharama ya haya yote ni ndogo ukilinganisha na ukumbi, posho na mafuta ya magari ambayo tayari yamelipwa. Yanadai mwezeshaji afikirie viti kabla ya kufikiria slaidi, na mkuu wa hospitali akubali kuketi palipoangukia namba yake. Kisha usiku mmoja, saa nane, mkunga atainua simu kuita maabara. Atakayepokea atamfahamu kwa sauti, ataita jina lake, na hatauliza kwa nini ana haraka.